Kuzika nyaya Lushoto bila kuzuia maji ni kuzika fedha

Kila masika yanapoingia Lushoto, kilio ni kile kile. Udongo wa milimani unalainika, mti unaangukia nyaya, umeme unakatika. Maziwa yanakaa kwenye matangi bila kupozwa, mashine ya kusaga inasimama, na mwenye kabichi za kupeleka Dar es Salaam simu inamuishia chaji kabla hajajua bei ya Kariakoo. Ndipo watu huuliza: kwa nini nyaya hizi zisizikwe?

Hoja hiyo ina ukweli, kwani mti hauangukii waya uliozikwa. Lakini ardhini kuna adui mwingine, naye ni maji. Kebo ya chini ya ardhi hugharimu mara kadhaa zaidi ya nyaya za nguzoni, na ikiharibika fundi haoni hitilafu kwa macho. Lazima apime, kisha achimbe.

Plastiki inayozunguka waya wa umeme wa msongo wa kati haiozi. Hata hivyo, unyevu ukiingia ndani yake huku umeme ukipita, hujitengenezea vijia vyembamba vyenye umbo la matawi ya mti. Huchukua miaka, kisha siku moja kebo inapasuka. Ndiyo maana watengenezaji huweka utepe unaovimba ukiguswa na maji, ganda la risasi au alumini, na juu yake gamba la plastiki ngumu. Kampuni za simu nazo zilijaza mafuta mazito kama vaselini ndani ya kebo za shaba, au zilisukuma humo hewa kavu ili maji yasipate nafasi.

Penye udhaifu zaidi ni kwenye maungio. Kebo nzuri ikiungwa kwenye matope na fundi mwenye haraka, au ncha yake ikiachwa wazi usiku mmoja wa mvua, fedha zimepotea. Milimani kuna la ziada: mtaro uliochimbwa kwenye mteremko hugeuka mfereji, na maji hukusanyika kwenye maungio ya chini.

Kwa hiyo, iwapo nyaya zitazikwa kando ya barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkataba utaje mambo manne. Ncha za kebo zifungwe kofia hadi saa ya kuungwa. Maungio yafanywe pakavu, chini ya turubai, na fundi aliyefunzwa kazi hiyo. Mtaro uwekewe vizuizi vya mfinyanzi, na mashimo ya maungio yawe na njia ya kutoa maji. Mwisho, kebo ipimwe kabla ya mkandarasi kulipwa.

Mkulima wa Usambara anayekinga maji kwa matuta hahitaji kufundishwa hili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mdogo kuliko tundu la sindano, na atakayelipia ukuta ni mteja.