Plastiki yenye kupitisha umeme: je, koltani ya Rubaya itakosa wanunuzi?

Mwaka 2000 wakaaji wengi wa Kivu wanaukumbuka kwa bei ya koltani. Ilipanda haraka sana, vijana wakaacha mashamba na masomo, wakaingia mashimoni. Mwaka uliofuata ikaanguka. Mwaka ule ule wa 2000, mbali sana na Masisi, Tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa wanasayansi watatu, Alan MacDiarmid, Alan Heeger na Hideki Shirakawa, kwa kazi yao juu ya plastiki inayopitisha umeme. Habari hizo mbili zinakutana ndani ya kitu kidogo kinaweza kuwa sawa na punje ya muchele.

MacDiarmid alizaliwa 1927 huko Masterton, Nyuzilandi. Wakati wa shida kubwa ya uchumi alikuwa anapeleka maziwa nyumba kwa nyumba kwa kinga, mbele ya kuingia darasani. Akiwa na miaka karibu kumi alikuta kitabu cha zamani cha kemia cha baba yake, na kutoka pale hakurudi nyuma. Akiwa na miaka 16 aliacha shule kwa kukosa uwezo, akapata kakazi kadogo katika maabara ya chuo kikuu cha Wellington: kufagia, kuosha vyombo, huku anasoma pole pole. Kiisha akapata nafasi ya kusoma Marekani, halafu Cambridge, na kuanzia 1955 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Mwaka 1975 alikuwa Tokyo. Katika mapumziko ya chai, Shirakawa akamueleza juu ya plastiki yake inayong'aa kama feza. Ilitokea kwa kosa: mwaka 1967, katika maabara ya Shirakawa, dawa ya kuharakisha mchanganyiko ilitiwa mara 1000 kupita kipimo. Mwengine angeitupa. MacDiarmid alimualika Shirakawa Pennsylvania, na Novemba 1976 waliiweka plastiki ile ndani ya mvuke wa bromini. Uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni 10.

Namna gani? Plastiki ya kawaida inazuia umeme, ndiyo sababu waya unavalishwa plastiki. Elektroni zake ni kama watu waliobanana kwenye benchi iliyojaa, hakuna wa kusogea. Bromini inanyanyua mmoja, nafasi inabaki, na wengine wanaanza kusogea.

Sasa koltani. Ndani yake kuna tantali, na tantali inatumiwa zaidi kutengeneza kondansateri, kile kitu kidogo ndani ya telefone na ordinateri kinachotunza umeme na kuuachilia kwa kipimo. Kondansateri hiyo inahitaji pia tabaka lingine la kupitisha umeme. Zamani lilikuwa la manganezi. Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vimeweka pahali pake plastiki ya jamii ile ya MacDiarmid. Inapitisha umeme vizuri zaidi, na kondansateri ikiharibika haiwaki moto kwa urahisi.

Kwa hiyo anayesema plastiki imekuja kuua koltani anakosea. Plastiki ilifukuza manganezi. Tantali ilibaki, na kondansateri yake ikakuwa nzuri zaidi. Mpinzani wa kweli ni mwengine: kondansateri za seramiki na za aluminiamu. Bei ya tantali ikipanda kupita kiasi, ama ikikosekana, mainjinia wanapima kama wanaweza kugeukia huko. Ni vile ilionekana kiisha mwaka 2000, na mutu wa shimoni ndiye alilipa. Basi hatari iko zaidi katika bei inayoruka ovyo kuliko katika uvumbuzi wa maabara.

Na bei inaruka kwa sababu za hapa hapa pia. Rubaya, inayohesabiwa kutoa karibu 15% ya tantali ya dunia, ilichukuliwa na M23 Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa linapata pale karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi.

MacDiarmid alikufa 2007. Plastiki alizofanyia kazi, na tantali ya Masisi, zinaendelea kuunganishwa katika viwanda vya mbali. Kivu hakuna hata kimoja.