‘Tumeshalipa’ ni neno la kuacha nyumbani mnapokwenda kupanda ngamia au kuruka angani

Mazungumzo yalianzia sebuleni, Makole, Jumapili moja ya Desemba 2025. Mashindano ya AFCON yalikuwa yanachezwa Morocco, na pamoja na mabao, video za matembezi ya nchi hiyo zilikuwa zimejaa kwenye simu za watu. Moja ilipita mkono kwa mkono. Ilionyesha watu wakiruka kutoka mlimani kwa kitambaa kikubwa chenye umbo la bawa, wakielea juu ya jangwa la Agafay karibu na mji wa Marrakech. Jioni ya siku hiyohiyo walionekana juu ya ngamia, wakiwa kwenye msafara, jua likizama.

“Baba, uliniahidi,” alisema mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 14 aliyemaliza darasa la saba na aliyekuwa akisubiri kwenda shule ya bweni Januari.

Ni kweli, baba alikuwa ameahidi: ukifaulu, matembezi ya likizo utachagua wewe. Hakudhani kijana angechagua kuruka.

“Chagua kingine,” mama alijibu kabla baba hajafungua mdomo.

Kwa siku tatu nyumba haikutulia. Baba alimwona mama anamlea mtoto kama yai. Mama alimwona baba anataka sifa kwa majirani. Binti wa miaka 9 alikuwa kimya, akisikiliza.

Hofu ya mama haikuwa ya ushamba. Septemba 2019 mtalii raia wa Canada alipoteza maisha aliporuka kwa mwavuli kutoka Mlima Kilimanjaro. Na baba naye hakuwa mjinga. Kila mwaka watu wengi duniani huruka mara ya kwanza wakiwa wamefungwa pamoja na rubani mzoefu, wakatua salama na kwenda kula chakula cha mchana.

Kilichokosekana pale sebuleni ni mtu wa kuuliza maswali yanayofaa. Walipompigia simu bibi yao aliyeko Bahi kumsalimia na kumweleza ugomvi, yeye aliuliza moja tu.

“Huko wanakoruka, hakuna chamchela?”

Swali la bibi

Anayeishi Dodoma anaijua chamchela. Kiangazi, jua likishapanda, vumbi linainuka kama nguzo na kuzunguka uwanjani. Linabeba mifuko ya plastiki na majani, linafungua madirisha, halafu linapotea.

Sababu yake ni rahisi. Ardhi tupu hupata joto haraka kuliko ardhi yenye miti au maji. Hewa iliyo juu yake inapashwa moto, inakuwa nyepesi na kupanda. Mahali pengine inapanda taratibu, pengine inapanda kwa nguvu huku ikizunguka. Chamchela ni sehemu ya hewa hiyo tunayoweza kuiona, kwa sababu imebeba vumbi. Kuna nyingine isiyobeba kitu, na hiyo hatuioni.

Mchezo wa paraglaidi unategemea hewa hiyohiyo. Bawa lake halina injini wala fremu ngumu. Ni kitambaa kinachojazwa upepo na kushikiliwa na kamba nyembamba nyingi. Marubani wazoefu huitafuta hewa inayopanda ili wafike juu zaidi. Kwa anayeanza, hewa hiyo ni shida, maana inaweza kulitikisa bawa na hata kulikunja upande mmoja. Chamchela iliyo karibu na ardhi ni hatari hata kwa mzoefu.

Ndiyo maana katika nchi kavu wanaoanza huruka asubuhi, kabla ardhi haijapata moto, au jioni joto likipungua. Matembezi ya siku moja yaliyopangwa vizuri huwa hivi: kuruka saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kivuli, maji na chakula mchana, kisha ngamia jioni. Ukiona ratiba imemweka mtoto wako angani saa 8 mchana jangwani, uliza kwa nini kabla hujalipa.

Bibi hakuwahi kuona paraglaidi, ila alijua upepo wa nchi kavu, na swali lake lilikuwa la msingi kuliko yote yaliyosemwa sebuleni kwa siku tatu.

Karibu kuliko Morocco

Familia ile haikuwa na nauli ya kwenda Morocco. Lakini walipotulia na kuuliza, waligundua kuwa mambo yote mawili yapo Afrika Mashariki, ila hayako mahali pamoja.

Kuruka kunajulikana zaidi Iten, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, mji uleule maarufu kwa wanariadha wa mbio ndefu. Iten ipo ukingoni mwa genge, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na chini yake ni Bonde la Kerio, lenye joto na ukavu. Wageni hufika huko hasa miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Ngamia wapo karibu zaidi. Huko Mkuru, upande wa kaskazini wa Mlima Meru mkoani Arusha, wafugaji wa Kimasai wamekuwa wakifuga ngamia na kuwapandisha wageni. Wanaokwenda pwani ya Kenya huwakuta pia ufukweni Mombasa na Diani.

Kutoka Dodoma hadi Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati ni zaidi ya kilomita 400. Si safari ya kwenda na kurudi siku moja mkiwa na watoto. Baba na mama walikubaliana: ngamia kwanza, walale Arusha usiku mmoja kabla na mmoja baada. Kuruka kutazungumzwa baadaye. Kijana alinung’unika kidogo, akakubali.

Juu ya ngamia

Ngamia akiwa amelala anaonekana mpole kama punda wa kubebea maji. Akisimama ndipo mtoto anapojua kuwa mgongo wake uko juu kuliko kichwa cha baba.

Tena hainuki anavyotarajia mtu. Huinua kwanza miguu ya nyuma, kwa hiyo aliyepanda hurushwa mbele ghafla. Kisha huinua ya mbele, na aliyepanda hurudi nyuma. Akilala huanza na ya mbele, na hapo tena aliye juu huinamia mbele. Dawa ni kushika kwa mikono miwili na kuegemea nyuma anapoanza kuinuka na anapoanza kulala. Simu ibaki mfukoni, au ashike mtu aliye chini.

Binti wa miaka 9, ambaye hakusema neno wiki nzima, alipanda wa kwanza. Ngamia alipoinuka alipiga kelele, halafu akacheka. Akitembea, ngamia hupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, ndiyo maana aliye juu hupepesuka kama yuko kwenye jahazi. Binti aliona raha.

Zamu ya kijana ilipofika, alisimama. Aliweka mguu, akautoa. Akasema, “Sitaki.”

“Tumetoka Dodoma kwa ajili yako,” baba alisema.

“Sitaki, baba.”

“Dada yako amepanda. Tumeshalipa. Panda, usitutie aibu.”

Watu wengine waliokuwa wakisubiri waliangalia pembeni. Kijana alikuwa ameanza kulengwa na machozi, na kwa mvulana wa miaka 14 mbele ya watu, hilo ni kubwa kuliko ngamia yeyote.

Mchunga ngamia, mzee wa makamo, hakumjibu baba. Alimpa kijana kamba. “Tembea naye. Yeye haendi popote.” Kijana akashika kamba, akatembea pembeni ya ngamia aliyembeba dada yake, mwendo wa nusu saa, hadi walikogeuzia. Wakati wa kurudi alikuwa anamwuliza mzee maswali: anakula nini, nundu ina maji? Mzee akamweleza kuwa nundu ni mafuta, siyo maji, na kwamba ngamia mwenye njaa ya muda mrefu nundu yake hulegea na kulala upande.

Kijana hakupanda siku ile.

Swali ndani ya basi

Kesho yake, basi likiwa limeshapita Makuyuni, kijana aliuliza kwa sauti ya chini, “Baba, ningekuwa nimefungwa mikanda juu ya mlima, halafu nikasema sitaki, ungesema tumeshalipa?”

Baba hakujibu. Mama aliyekuwa kiti cha nyuma alisikia, naye akanyamaza. Walifika Babati hakuna aliyezungumza.

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wazazi wengi wameishika methali hiyo. Ni kweli kwa mtoto anayekataa kwenda shule au kuosha vyombo. Lakini michezo ya hatari ni jambo jingine. Kuruka kwa paraglaidi kunaanza kwa kukimbia. Rubani na abiria wake hukimbia pamoja kushuka mteremko hadi bawa liwanyanyue. Abiria akisita katikati, au akikaa mapema kabla miguu haijaacha ardhi, wote wawili wanaweza kuanguka na kuburuzwa. Mtoto aliyelazimishwa ndiye anayesita. Kwa hiyo “sitaki” iliyosikilizwa kabla ya kukimbia ni sehemu ya usalama, sawa na kofia ngumu.

Na si mtoto pekee anayepaswa kuwa huru kusema hapana. Rubani mzuri husema hapana mara nyingi, upepo ukibadilika, hata wateja wakiwa wamesafiri siku mbili. Rubani asiyewahi kuahirisha ni wa kuogopwa.

Baba alilielewa hilo kati ya Babati na Kondoa. Walipofika Makole usiku, kabla ya kushusha mizigo, alimwambia mwanawe, “Nisingepaswa kusema vile.” Kijana akasema, “Sawa, baba.” Wakaingia ndani.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi anayetaka matembezi ya namna hii aanze na swali la fedha, lakini si la bei. Aulize: upepo ukikataa, au mtoto akikataa, tunarudishiwa nini? Jibu likiwa wazi tangu mwanzo, neno “tumeshalipa” linapoteza nguvu.

Aulize nani anaruka na mtoto, ana leseni gani na anayeanza hurushwa saa ngapi. Kwa Tanzania shughuli za anga zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Kenya ipo KCAA. Aulize kama kila anayeruka anapewa kofia ngumu, na kama kiti kina mwavuli wa akiba. Aulize pia uzito, kwa sababu kila bawa limetengenezwa kwa uzito wa chini na wa juu, na mtoto mwepesi mno anaweza kuwa nje ya kipimo. Kama ana bima, asome kama inahusu michezo ya angani, maana bima nyingi huiacha nje.

Kwa kijana mwenye hamu sana, kuna njia ya katikati. Wanaofundisha mchezo huu huanza na uwanja tambarare: mwanafunzi anajifunza kuliinua bawa na kulituliza juu ya kichwa huku miguu yake ikiwa chini. Atachoka, atacheka, ataujua upepo, na hatakuwa ameacha ardhi.

Kwa ngamia, avae suruali ndefu, viatu vya kufunika na kofia ya jua. Asipite nyuma ya ngamia. Anawe mikono baada ya kumshika, na maziwa ya ngamia anywe yaliyochemshwa tu, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, yaani bruselosisi.

Na asiye na nauli ya Arusha wala Iten asione amekosa kila kitu. Tiara ya gazeti na vijiti, uwanja wa wazi na jioni yenye upepo vinatosha kumfundisha mtoto wa Makole namna hewa inavyobeba kitu na inavyokiangusha.

Januari

Safari ya Iten haijafutwa. Wazazi wamekubaliana itazungumzwa tena kijana akitaka, na akisema hataki hata wakiwa ukingoni mwa genge, watakunywa chai, wataangalia bonde na kurudi.

Januari kijana aliondoka na sanduku, godoro na ndoo kwenda bweni, mahali ambapo atakutana na wakubwa wa kumwambia afanye hiki na kile. Stendi, baba alimshika bega.

“Mtu akikulazimisha jambo na moyo wako hautaki, niambie. Hata kama tumeshalipa ada.”

Kijana akatabasamu. Alikuwa amelielewa neno hilo linatoka wapi.