MAZUNGUMZO YA NYUMBANI NA SHULENI: Mtoto Aliyeuliza Habari za Chungu



Mwezi huu nataka kuungama kosa langu, huenda likamfaa mwalimu mwingine. Msichana mmoja wa darasa letu hapa Old Moshi aliniuliza, "Mwalimu, chungu hufanywaje?" Nikageukia ubao, nikaandika: udongo hukandwa, hufinyangwa, hukaushwa, huchomwa. Akayanakili maneno yale kwa mwandiko mzuri, nami nikaridhika.

Kumbe mtoto alikwenda kuyajaribu. Alichimba udongo mwekundu wa mgombani, akafinyanga vyungu vitatu vidogo, na kesho yake akavitia katika moto wa jikoni. Vyote vikapasuka kwa kishindo, majivu yakaruka katika chakula, mama yake akamkaripia. Tangu siku ile hakuuliza neno darasani. Hilo lilinichoma moyo, maana mtoto akiacha kuuliza, mwalimu amebaki na kazi gani?

Basi nalimwomba mama yake ruhusa, tukaenda sote watatu kwa bibi mmoja, mzaliwa wa Upare, aliyeolewa huku mlimani. Wazee wetu wajua ya kuwa tangu zamani vyungu vingi vya Wachaga vilitoka kwa wanawake wafinyanzi wa Upare. Bibi akavitazama vigae vya mtoto, wala hakucheka. Akasema, "Mjukuu wangu, mikono yako si mibaya. Haraka ndiyo iliyovivunja."

Akatoa udongo wa mfinyanzi alioletewa kutoka kwao, akamwambia auviringishe kama kamba na kuuzungusha kidoleni. Haukukatika. Ule wa mgombani ulikatika mara. Kisha akamwonyesha kuutwanga, kuuchekecha, kuuloweka, na kuuchanganya na vigae vya zamani vilivyosagwa. Halafu kuukanda mpaka usiwe na hewa ndani. Wakajenga chungu kwa kupandisha kamba juu ya kamba, wakakikwangua kwa kipande cha kibuyu, wakakilainisha kwa kokoto la mtoni. Kikakaa kivulini siku nyingi. Siku ya kuchoma, kilipashwa kwanza kando ya moto, ndipo kikafunikwa kwa kuni na majani makavu.

Hapo ndipo nami nilipopata nafasi ya kufundisha, kwa kuwa sasa mtoto alikuwa na jambo la kuelezwa. Nalimwambia: maji yakifika digrii 100 huwa mvuke, na mvuke uliofungwa katika udongo mbichi hutafuta njia kwa nguvu, ndicho kishindo ulichosikia. Vigae vilivyosagwa huupa mvuke njia, tena huzuia chungu kisipasuke kwa joto. Moto wa uwanjani hufika kadiri ya digrii 600 hata 800. Katika joto hilo hata maji yaliyoshikamana na asili ya udongo huondoka, wala hautarudi tena kuwa tope ujapolowekwa mwaka mzima. Kikombe cheupe cha kauri kilichomo kabatini ni ndugu yake chungu, ila chataka udongo mweupe na tanuru ya kadiri ya digrii 1300.

Nabii Yeremia naye hakupewa maelezo ya mfinyanzi akiwa amekaa kwake. Alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akaona kazi kwa macho. Nami nimesoma habari hiyo mara nyingi, nisitambue kwamba yaniambia mimi.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mtoto akiuliza habari ya kazi ya mikono, mpelekeni kwanza kwa mwenye mikono hiyo, ndipo mweleze sababu. Nanyi wazazi, mtoto akivunja kitu kwa kujaribu, mwulizeni alikuwa akitafuta nini kabla ya kumkaripia. Udongo uwahi ungali maji. Tena msikawie: sufuria imeshika majiko yetu, na bibi yule hana mwanafunzi mwingine ila huyu.

Chungu chenyewe kimepinda mdomo, lakini chakaa na maji. Juzi msichana alinyosha mkono darasani: "Mwalimu, mbona maji ya chunguni ni baridi kuliko ya ndoo?" Nikafurahi sana. Nalimjibu kwamba maji hupenya kidogo kidogo katika vitundu vya udongo, na yakikauka nje huchukua joto pamoja nayo. Lakini safari hii sikuandika ubaoni. Nalimwambia ashike kwanza ubavu wa chungu, auone unyevu wake.