Fimbo Moja, Mkono Mmoja

Wazee walisema kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Wazee hao hao walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hizi mbili hazigombani. Kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni ya baraza, ya pili ni ya bahari. Achanganyaye mahali pa moja na pa mwenzake huzamisha chombo.

Kosa hilo hutendwa na watetezi wa desturi ya kuelekezana ovyo kwenye meza za pool, iwe Akheri, iwe Tengeru, iwe mjini Arusha. Timu mbili za ridhaa hushindana, mtu kwa mtu. Kijana huinama, fimbo mkononi, na mara wenzake huanza: piga ule mwekundu, uache huo, legeza mkono, ziba shimo. Huinuka, huwatazama, huinama tena. Akifaulu, sifa ni ya waliosema; akikosa, lawama ni yake. Watetezi huiita hali hii ushirikiano. Jina hilo ni zuri kupita kitu chenyewe.

Mashindano ya timu hupangwa mtu kwa mtu ili timu nzima ipimwe, hodari wake na dhaifu wake. Hodari akiamua kila pigo la dhaifu, aliyeshindana ni mtu mmoja aliyeazima mikono ya wenziwe. Mpinzani amedhulumiwa, maana alikuja kupambana na mmoja akakuta baraza. Lakini aliyedhulumiwa zaidi ni yule aliyesaidiwa. Pool ni mchezo wa kuona mbele: mpira mweupe usimame wapi ili pigo la pili liwezekane. Kuona huko hakuazimwi. Mtumai cha nduguye hufa maskini.

Watasema kwamba dhaifu akiachwa peke yake atavunjika moyo na kuondoka. Hoja hii ina uzito. Sheria ya kukataza kabisa, kama ile ya sataranji isiyoruhusu mchezaji kupewa shauri lo lote, ingekuwa kali mno kwa timu zisizo na mwalimu. Lakini kati ya kimya na kelele ipo njia. Kanuni za dunia za pool humruhusu mwalimu kutoa shauri, ila si mfululizo, wala asiikaribie meza. American Poolplayers Association, ligi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979, huhesabu: katika mchezo wa mipira minane, wa madaraja ya chini hupewa nafasi mbili za shauri kila mchezo, na wa juu moja. Tenisi nayo ilimwonya Serena Williams katika fainali ya mwaka 2018 mjini New York kwa ajili ya ishara za mwalimu wake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 kanuni zake zimeruhusu shauri, lakini kwa masharti. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefungua mlango akautupa ufunguo.

Nchi ya Meru yenyewe ina mfano mkubwa kuliko meza. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuueleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo, naye mwanasheria Earle Seaton akawa msaidizi wake. Ushauri wa Seaton haukumnyang'anya Kirilo nafasi ya kusimama na kusema mwenyewe.

Basi sheria na iwe hivi. Shauri liombwe na mchezaji, wala asisukumiwe. Litolewe na mwenzake mmoja, mara moja katika mchezo, na mara mbili kwa mwanafunzi; lisizidi dakika moja. Anayeshauri asiguse meza. Neno la ziada lihesabiwe kosa la timu. Kabla ya mchezo na baada yake, watu wafundishane mpaka usiku wa manane.

Mwaka 2016 viongozi wa serikali waliwakemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, na wengi bado huuona mchezo huu kuwa wa wazembe. Kelele haziwezi kuujibu ushuhuda huo. Utajibiwa na kijana aliyeinama peke yake, akafikiri, akaamua, akapiga, na akakubali matokeo ya mkono wake.