Utafiti Ukifichwa, Imani Huondoka

Sifa ya Tabora tangu zamani ni njia. Msafara uliotoka Bagamoyo ukielekea Ujiji ulitua Unyanyembe ukapumzika, na ule uliokusudia Karagwe na Buganda uligeukia kaskazini kutoka hapa hapa. Na wapagazi wa Kinyamwezi waliojitwika pembe na majora ya nguo walichukua pamoja nayo bidhaa moja ambayo hakuna mtemi aliyeitoza hongo, nayo ni habari: mto gani umefurika, nchi gani ina njaa, na ziwa gani liko nyuma ya milima ipi. Muradi wa makala haya ni kuwausia wenzangu juu ya bidhaa hiyo, kwa kuwa habari iliyotafutwa kwa njia ya elimu, ambayo leo twaiita utafiti, ina wenyewe, na wenyewe hao wakinyimwa haki yao, wasilaumiwe siku watakapokataa kuiamini.

Mwezi wa Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, wakiwa wagonjwa na wachovu, wakapokewa kwa hisani na Mwarabu wa Oman aliyeitwa Snay bin Amir. Wakati huo ramani iliyosifiwa Ulaya ilionyesha bara letu likiwa na bahari moja kubwa ya ndani. Snay, aliyeijua nchi kwa biashara yake, aliwaeleza kwamba maziwa ni matatu, kila moja mahali pake. Kwa maelezo hayo Speke alikwenda kaskazini mwezi wa Julai 1858, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa la Nyanza. Kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860, na kwa insafu yake mwandishi alimtaja Snay na kumshukuru. Walakini waliotoa habari walikuwa Kazeh, na waliozisoma walikuwa London. Kadhalika Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili safi, na maneno hayo yakapigwa chapa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ilipita miaka zaidi ya hamsini kabla ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kuyachapisha upya huku kwetu, ili wenye lugha nao wapate kuyasoma.

Mtu atasema hayo ni mambo ya kale. Basi na atazame ya leo. Mtafiti hufika kijijini Uyui, Sikonge au Kaliua na barua yake ya idhini. Mwenyekiti huwakusanya watu chini ya mwembe. Huulizwa wamevuna magunia mangapi, wamekata kuni kiasi gani, watoto wao wameugua homa mara ngapi. Wasiojua kuandika hutia kidole gumba kwenye wino, na pengine kidole kingine huchomwa kitoe tone la damu. Kisha gari huondoka. Matokeo yakitoka, aghalabu hutoka kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo ambalo kusoma makala moja tu hugharimu dola 30 au zaidi. Na yakitolewa katika jarida lililo wazi kwa kila msomaji, mara nyingi mwandishi ndiye atakiwaye kulipa ada, na ada hiyo katika majarida mengi huzidi dola 2,000, mzigo ambao mtafiti wetu asiye na mfadhili hawezi kuutua wala kuubeba. Hivyo mlango ukifunguliwa kwa msomaji hufungwa kwa mwandishi, na aliyetoa tone lake la damu hana habari na mlango wowote.

Natazama jambo lililo karibu zaidi na mkulima wa mkoa huu, nalo ni tumbaku ya mvuke. Bani la kukaushia ni nyumba ndefu kwenda juu, isiyo na madirisha, ambamo majani yaliyofungwa vijitini huning'inizwa safu juu ya safu hadi karibu na paa. Moto huchochewa usiku na mchana kwa muda wa juma hivi, na mwenye bani hulala pale pale mlangoni, maana joto likizidi jani huungua, na likipungua rangi huharibika na bei ikaanguka. Kila bani lina rundo lake la kuni, na kila rundo lilikuwa miombo. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, wataalamu wetu wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto kilichoko Nairobi walijaribu dawa ya msiba huu wa misitu kuteketea: kupanda shambani migunga yenye asili ya Australia, kulima mahindi katikati yake miaka ya mwanzo, kuiacha miti ikue, kisha kuikata kuni za bani na kuirudisha ardhi kwenye mahindi. Ni elimu tukufu, nayo ilipatikana katika mchanga wa Tabora kwa majembe ya watu wa Tabora. Lakini mkulima wa Urambo atakaye kuona kwa macho yake hesabu ya kuni na mahindi, apime mwenyewe kama inamfaa, ataambiwa amuamini bwana shamba. Naye mkulima huyo amekwisha kuambiwa mengi na mabwana wengi.

Na Urambo hasa pana sababu ya watu kuwa na hadhari. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake kuichungua nchi kwa muda wa majuma tisa tu, na kwa uchunguzi huo wa haraka ukatungwa mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, kwa pauni milioni 25, zikiwamo za Kongwa, Nachingwea na Urambo, njia ya reli iendayo Kigoma. Matrekta yaliletwa, misitu ikaangushwa, na mvua haikufuata hesabu ya wakubwa. Wenyeji walioijua tabia ya mawingu na udongo wao hawakufanywa washauri, walifanywa vibarua. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walieleza kwamba daftari hazikuwekwa ipasavyo, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukavunjwa kwa hasara ya pauni zaidi ya milioni 35. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na laiti daftari za mvua na za fedha zingewekwa wazi mapema, penye macho ya wenyeji na ya walipa kodi, hasara ile ingegunduliwa ikiwa ingali changa.

Tusiwatupie wageni peke yao lawama. Mwezi wa Desemba 2016 Dakta Mwele Malecela, aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kwamba uchunguzi wa damu umeonyesha dalili za virusi vya Zika nchini. Mara akaondolewa katika cheo, ingawa dunia haikuacha kumthamini, kwani baadaye alikabidhiwa Geneva idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa kutoa hadharani takwimu zinazopingana na zile rasmi, na ilibidi ibadilishwe tena mwaka 2019 ili kuondoa ukali huo. Na tangu mwisho wa Aprili 2020, hesabu ya wagonjwa wa korona ilipofika 509, nchi ilikaa zaidi ya mwaka bila hesabu mpya. Je, ukimya ule uliondoa khofu? Hata kidogo. Palipokosekana hesabu palijaa uvumi, na chanjo zilipokuja mwaka 2021, wengi walizitilia shaka, nao walikuwa na hoja: jana mlituambia hakuna kitu, leo mwatuambia tuchome sindano. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako wasemao, na baadhi yao ni watu wenye nia njema, kwamba umma haujui kuyasoma mambo ya kitaalamu, na ukifunguliwa kila daftari utazuka mtafaruku. Hoja hii ina chembe ya haki, maana majina ya wagonjwa na siri za nyumba za watu hazifai kutolewa na yeyote. Tena si kila kilicho wazi ni kweli, kwani yako majarida ya udanganyifu yachapishayo lolote maadamu ada imelipwa. Lakini jina la mgonjwa laweza kufichwa na idadi ya wagonjwa ikaonekana, na uongo wa jarida hugunduliwa upesi pale wengi wapatapo kuusoma. Na watu wanaoambiwa hawajui kusoma hesabu ndio hao hao wajuao kilo za kila belo lao la tumbaku, na daraja lake, na makato ya chama chao cha ushirika hadi senti ya mwisho.

Lipi basi la kutenda? Mwezi wa Novemba 2021 mataifa wanachama wa UNESCO, nchi yetu ikiwamo, yaliafiki pendekezo la sayansi iliyo wazi kwa watu wote. Kwa hiyo ahadi tunayo, yaliyobaki ni vitendo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ambayo ndiyo itoayo idhini ya utafiti, na iweke sharti kwamba kila atakayehoji watu arejeshe kijijini muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili zatosha, ubandikwe katika ofisi ya kijiji na nakala iwekwe maktaba. Vyuo vyetu na viweke maandishi yote ya wanazuoni wao katika hazina zisizo na malipo, na serikali iwalipie ada za majarida watafiti walioitumikia. Wenye mamlaka na wajizoeze kusikia tarakimu chungu bila kumtafuta wa kumwadhibu. Nanyi watu wa Tabora, msione haya: mtafiti afikapo na dodoso lake, mkarimuni kama Snay bin Amir alivyowakarimu wageni wake, mjibuni kwa ukweli, kisha mumwulize mbele ya mwenyekiti ni lini na kwa lugha gani atawaletea majibu. Asiye na jawabu la swali hilo, msimtilie kidole gumba.