Punguzeni Mzigo, Acheni Kutuletea Apu za Kupumua

Wasomaji, leo nina neno na mabosi. Siku hizi kampuni ikiona wafanyakazi wamechoka, inawanunulia apu: vuta pumzi, hesabu hatua, jaza dodoso, pokea nyota. Kisha saa nne usiku bosi huyo huyo anatuma ujumbe wa WhatsApp akitaka ripoti kabla ya asubuhi! Hiyo ni dawa ama mzaha?

Mimi ni mtu wa kompyuta. Seva ikilemewa, huiambii itulie. Unaipunguzia mzigo ama unaongeza ya pili. Mbona binadamu anaambiwa apumue?

Mfano tunao hapa hapa Nairobi. Mwishoni mwa 2021, OpenAI iliipa kampuni ya Sama kazi ya kuainisha maandishi ya ubakaji na mauaji, ili mashine ifundishwe kuyatambua. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Ushauri nasaha ulikuwepo, lakini waliohojiwa walisema vikao vilikuwa haba kwa sababu ya shinikizo la kumaliza kazi. Sama ilikanusha, ikasema washauri walipatikana wakati wowote. Sawa, lakini mlango ulio wazi una faida gani kama huna dakika ya kuuendea?

Desemba 2024, katika kesi dhidi ya Meta, tukasikia kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook hapa Kenya wamepimwa na daktari na kukutwa na kiwewe kikali. Hilo si jeraha la kufungwa kwa apu.

Hata Uingereza, utafiti wa William Fleming wa Oxford uliochapishwa 2024, uliohusu wafanyakazi 46,336, ulionyesha kwamba waliotumia apu na mafunzo ya kuhimili msongo hawakuwa na nafuu kuliko wasiotumia. Itafua dafu gani hapa, ambapo hata data ya kuifungua unajinunulia?

Na majibu ya dodoso anasoma nani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwulize bosi wako kama anajua.

Tunachotaka ni rahisi: viwango vya kazi vipunguzwe, saa za ziada zilipwe, muda wa ushauri uhesabiwe kuwa saa za kazi, na mshauri asiripoti kwa bosi. Hayo hayahitaji apu!

Je, kazini kwenu wamewaletea nini?