Ritifaa Hufia Wapi? Maoni Kuhusu Kiswahili Katika Teminali

Mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika teknolojia ya habari na mawasiliano (Teknohama) haukuanza leo. Wapenzi wa lugha wamemwaga wino mwingi wakibishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo kile kinachotelezeshwa mezani ni kipanya, kiteuzi au puku. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi hizo zinastahili pongezi. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba tulianza kupaka nyumba rangi kabla ya kuimarisha msingi. Kabla ya kuitaka mashine itusemeshe kwa Kiswahili, ilitupasa kwanza kuhakikisha kwamba inakisoma Kiswahili chetu bila kukikatakata. Aghalabu haikisomi ipasavyo, hasa mahali ambapo mtafiti wa matini huihitaji zaidi, yaani katika teminali.

Labda msomaji atauliza teminali ni nini na inamhusu nini mwanafunzi wa fasihi. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, teminali ni dirisha ambamo mtumiaji huandika amri badala ya kubofya picha. Zamani teminali ilikuwa mashine kamili yenye kioo na kibodi, kama ile VT100 ya kampuni ya DEC iliyotoka mwaka 1978. Leo ni programu tu inayoiga mashine hiyo. Kazi yake ni kupokea herufi kutoka kibodini, kuzipeleka ndani, na kuchora kiooni kile kinachorudi. Nyuma yake huketi mkalimani wa amri, ambaye mara nyingi huitwa Bash. Anayetaka kujua neno fulani limetumika mara ngapi katika riwaya kumi atapata jibu hapa kwa mstari mmoja wa amri, bila kununua programu yoyote. Kwa mwanafunzi asiye na ufadhili, hilo si jambo dogo.

Tatizo linaanza na herufi yetu wenyewe. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, huitenga sauti ya king'ong'o katika "ng'ombe" na ile ya "ngoma" kwa ritifaa peke yake. Kwa Mswahili, ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi. Kwa Bash, ni alama ya kufungua mtajo. Andika

echo ng'ombe

kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Hutaona ng'ombe. Utaona alama ya > peke yake, na mashine itakaa kimya ikikungoja. Haijakwama. Imeambiwa kwamba mtajo umefunguliwa, nayo inasubiri ufungwe. Wengi hudhani teminali imeharibika, wakafunga dirisha lote. Dawa ni kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja, kisha kuandika neno upya likiwa ndani ya alama mbilimbili za mtajo, "ng'ombe", au kutanguliza mkwaju wa kinyume, ng\'ombe.

Kosa hilo walau hujitangaza. Kubwa zaidi ni lile lisilosema neno. Katika orodha yoyote ya wakazi wa Mbotela, mtaa huu wa Eastlands ulio karibu na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, utakutana na akina Nyong'o, Ong'era, Ng'eno, Wang'ombe na Ng'ang'a. (Mtaa wenyewe una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952, ingawa mwanafunzi wa fasihi akisikia jina hilo humkumbuka kwanza James Mbotela wa Uhuru wa Watumwa.) Mwandikie Bash jina la Nyong'o, atangoja kama alivyomngoja ng'ombe. Mwandikie Ng'ang'a, hatangoja. Ritifaa ya kwanza imefungua mtajo na ya pili imeufunga, basi hesabu yake imetimia. Atakurudishia "Nganga" bila onyo lolote, na bwana yule aliyezaliwa Ng'ang'a ametoka upande wa pili akiwa amenusa uganga. Vivyo hivyo "ng'ang'ania" hugeuka "ngangania". Mtu anayetengeneza mafaili kwa majina ya watahiniwa au ya wasimulizi wa ngano anaweza kumaliza mamia bila kujua kwamba nusu ya akina Ng' wamepotezwa herufi.

Tuingie sasa katika utafiti, maana hapo ndipo madhara yanapotugusa sisi. Chukua sentensi hii: Ng'ombe wa Ng'ang'a aling'oa kamba akavuka ng'ambo. Msomaji anahesabu maneno saba. Amri ya wc -w, ambayo hutazama nafasi tu, nayo husema saba. Lakini njia mashuhuri ya kutenga maneno ili kupata orodha ya marudio yake ni hii, inayokata mstari kila ionapo kitu kisicho herufi:

tr -cs 'A-Za-z' '\n'

Ipe sentensi yetu, nayo itakurudishia "maneno" kumi na mawili: Ng, ombe, wa, Ng, ang, a, aling, oa, kamba, akavuka, ng, ambo. Tumepata neno jipya la Kiswahili, "ng", lililotokea mara tatu. Lakini hilo hucheka na kupita, kwa kuwa mtafiti atalistukia. Cha kuogofya ni "oa". Ng'ombe amekata kamba, sisi tumeandikishiwa ndoa! Anayechunguza usawiri wa ndoa katika riwaya za Kiswahili kwa kuhesabu mashina ya vitenzi ataoza kila mhogo uliong'olewa na kila jino lililong'olewa, kisha ataweka takwimu hizo katika sura ya nne ya tasnifu. Msimamizi ataona jedwali nadhifu. Nani atalikagua? Hata utafutaji wa grep -w, ambao huahidi kutafuta neno zima tu, huihesabu ritifaa kuwa mpaka wa neno. Ukiitafuta "oa", itakuletea na "ng'oa".

Marekebisho ni madogo mno. Ritifaa iongezwe katika orodha ya herufi zinazoruhusiwa, na alama za mtajo zibadilishwe ili Bash asiichukulie vibaya:

tr -cs "A-Za-z'" '\n'

Sentensi ile itarudi na maneno yake saba. Ni kweli kwamba mwandishi aliyetumia alama mojamoja kwa usemi wa wahusika atatuachia ritifaa zinazoning'inia mwanzoni na mwishoni mwa maneno, na hizo zitahitaji kufagiwa. Kufagia ni kazi nyepesi kuliko kufuta ndoa za uongo.

Ningekuwa nimemaliza iwapo ritifaa ingekuwa moja. Si moja. Tasnifu na miswada mingi hupigwa chapa katika maduka ya huduma za kompyuta, na mitaani kama hapa Mbotela kazi moja huweza kupita mikononi mwa wapigachapa wawili au watatu. Programu za kuandikia zina tabia ya kuibadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’) bila kuulizwa. Machoni ni kitu kimoja. Ndani ya mashine ni vitu viwili mbali. Iliyonyooka ni baiti moja, 27 kwa hesabu ya kumi na sita. Iliyopinda, katika mfumo wa UTF-8 uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni baiti tatu: e2 80 99. Ukitafuta ng'ombe wa kunyooka, hutampata ng'ombe wa kupinda, hata kama wako katika aya moja. Isitoshe, faili la zamani la Windows huweka ile iliyopinda kwa baiti moja tu, 92, ambayo teminali ya UTF-8 haiitambui na huichora kama alama ya kuuliza ndani ya umbo la almasi. Mambo yakienda kinyume, yaani faili ni la UTF-8 na msomaji wake anadhani ni la Windows, utaona ngâ€™ombe. Yeyote aliyewahi kupokea matini ya namna hiyo na kuambiwa kwamba "kompyuta ina virusi" anajua ninachosema.

Upo pia mkasa wa kibodi. Kompyuta zilizotumika ambazo huingizwa nchini kutoka ng'ambo wakati mwingine huja na mpangilio wa kimataifa wa kibodi ya Kimarekani. Katika mpangilio huo, kitufe cha ritifaa hakiandiki kitu mpaka ubonyeze herufi inayofuata, kisha huzichanganya. Ng'ombe huwa ngómbe, na ng'ara huwa ngára. Katika Linux yenye mazingira ya X, amri ya setxkbmap us hurudisha utaratibu wa kawaida.

Kwa mintarafu hii, mtafiti hana budi kujua ritifaa yake imefia wapi: kibodini, katika teminali, kwa mkalimani, au ndani ya faili. Jaribio lenyewe ni jepesi. Andika cat pekee, ingiza, kisha andika ng'ombe na uingize tena. Hapo Bash hahusiki. Iwapo neno limerudi zima, kibodi na teminali hazina lawama, basi umtazame mkalimani. Likirudi limeharibika, chunguza kibodi kwanza, halafu mipangilio ya teminali. Kwa PuTTY, inayotumiwa na wengi walio katika Windows, mahali pake ni sehemu ya Translation, ambako UTF-8 ichaguliwe. Ili kuona kilichomo ndani ya faili, amri ya hexdump -C itakuonyesha baiti zenyewe, na 27 haitajificha mbele ya e2 80 99. Amri ya locale nayo itakuambia mfumo unadhani unatumia lugha gani na usimbaji upi. Ikijibu C au POSIX, baadhi ya programu zitazichukulia herufi zisizo za Kiingereza cha kawaida kuwa takataka. Kiswahili kina makao yake humo, sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Katika Debian na jamaa zake, makao hayo huandaliwa kwa dpkg-reconfigure locales, kisha mstari wa export LANG=sw_KE.UTF-8 huongezwa katika faili la .bashrc. Kuanzia hapo hata amri ya date itakutajia siku kwa Kiswahili, faida ambayo wanaopenda menyu zilizotafsiriwa wataifurahia.

Nimesikia hoja mbili za kupinga haya yote. Ya kwanza husema kwamba hiyo ni kazi ya idara ya sayansi ya kompyuta. Jibu langu ni kwamba mwanasayansi wa kompyuta ataitengeneza programu ifanye tuliyomwambia, lakini si yeye wa kutuambia kwamba ng' ni herufi. Hilo ni suala la fonolojia na othografia, nasi ndio tunaofundishwa fonolojia na othografia. Mkusanyo wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye maneno takriban milioni 25, umetokana na kazi ya miaka mingi ya msomi wa lugha, Arvi Hurskainen. Hakungoja mtu wa idara nyingine amfanyie.

Hoja ya pili ni hatari zaidi kwa kuwa ina sura ya busara. Husema kwamba ritifaa iachwe tu, kama vijana wanavyoiacha katika ujumbe wa simu, kwani kila mtu huelewa "ngombe". Katika simu, sawa. Katika fasihi, la. Lugha yetu ina "ng'oa", kutoa kitu na mizizi yake, na ina "ngoa", ile tamaa na wivu wa mapenzi ambao ushairi wa mwambao umeuimba sana. Ondoa ritifaa, na mwenye ngoa atachanganywa na mwenye jembe. Zaidi ya hayo, ni nani atakayekwenda kwa Ng'ang'a wa Mbotela kumwarifu kwamba jina lake limerekebishwa kwa sababu ya Bash?

Wako pia wataalamu wasemao tuipe ng' ritifaa yake maalumu. Katika Unicode ipo, nambari 02BC, iliyotengwa mahsusi kwa lugha ambazo ritifaa kwao ni herufi. Teminali iliyopangwa vyema huichukulia kuwa herufi kamili, Bash haidhani ni mtajo, na grep -w haiikati. Kwa nadharia, hilo ndilo jibu sahihi. Kwa sasa silikubali, kwa sababu moja tu: hakuna kitufe chake katika kibodi za kawaida. Tukiiteua leo, tutakuwa na ritifaa tatu badala ya mbili, na ile ya tatu wataiandika maprofesa peke yao. Naona afadhali mafaili yetu yote ya utafiti yahifadhiwe kwa UTF-8 na kwa ritifaa iliyonyooka, ambayo mpigachapa yeyote anayo, na zilizopinda zigeuzwe kabla ya hesabu yoyote kufanyika:

sed "s/’/'/g" riwaya.txt > riwaya-safi.txt

Jarida hili lenyewe linaweza kuanza. Mwongozo wa waandishi huwaeleza ukubwa wa herufi na upana wa pambizo. Mstari mmoja zaidi unatosha, utakaosema makala yaletwe kwa usimbaji upi na kwa ritifaa ipi, na kwamba kila jedwali la marudio ya maneno liambatane na amri iliyolizaa. Msimamizi wa tasnifu naye, akiletewa jedwali la namna hiyo, aombe kwanza kuonyeshwa safu ya herufi N. Akikuta humo neno "ng" limesimama peke yake, alirudishe.